Pumzi Moja Kabla ya Kiitikio

Mimi Hisham sitahayari. Watu wengine huzaliwa na kidole cha sita, mimi nilizaliwa bila ya mshipa wa haya. Nimeshaingia harusini kwa watu nisiowajua, nikala biriani mpaka bwana harusi akaja kuniuliza mimi ni wa upande gani, nami nikamjibu, "Wa upande wa biriani." Nimeshateleza na kanzu nyeupe mbele ya kundi zima la watalii, nikaanguka chali, nikainuka nikainamisha kichwa kama aliyemaliza mchezo, wakanipigia makofi. Kutoka Ibra mpaka Sur hajazaliwa mtu wa kuniambia neno nikatazama chini.

Kumbe alikuwa keshazaliwa. Alizaliwa Nizwa, anaitwa Alyaa, na neno lenyewe aliloniambia lilikuwa, "Kaka, hapo umeiba."

Ngojeni niwaeleze. Mimi ni dereva wa watalii. Nawapakia Ibra, nawapeleka michangani, nawapeleka Ras al Hadd wakaone kasa, kisha namalizia nao Wadi Bani Khalid wakaogelee. Wajerumani hulala garini. Wafaransa hubishana. Wajapani, hasa wale wazee wazee, huimba. Anaanza mmoja kiti cha nyuma, kwa sauti ndogo kama anayemwomba radhi mwenye gari, na ikifika kwenye kiitikio gari zima linaimba, na mimi na usukani wangu nabwata nao. Maneno siyajui, lakini mdomo unayajua. Msimu mmoja tu ukapita, nikawa na nyimbo zao kichwani kuliko za kwetu.

Siku hiyo nilisimama juu ya jiwe pale bwawani, wageni wamenizunguka, nimefumba macho, mkono kifuani, naimba ule wimbo mpole wanaoupenda safari inapokwisha. Nyuma yangu ikaja sauti ya kike, Kiswahili cha Unguja chenye ladha ya Nizwa.

"Kaka, hapo umeiba."

"Nimeiba nini?"

"Irabu. Hapo zipo mbili, wewe umeimba moja. Ivute. Usiwadhulumu watu wimbo wao."

Niligeuka. Shela ya rangi ya zabibu, macho yanayocheka kabla ya mdomo, na mkononi chupa ya maji aliyosahau kuifunga, inammwagikia viatu na yeye hana habari. Jibu nilikuwa nalo. Mimi siku zote jibu ninalo. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Nikatazama chini. Nikaviona vidole vyangu vya miguu, na wallahi hata vyenyewe vilijikunja.

Hayo yalikuwa wakati wa baridi. Tangu hapo zikapita salamu, mama yake akijua, na kila neno likipitia kwa mama yake mdogo, Huwaida, ambaye alikuwa akinirudishia ujumbe wangu na kuniambia, "Huu mtamu mno, punguza sukari." Mama yangu akenda Nizwa na halua, akarudi na jibu la nusu. Baba amekubali. Mama amekubali. Lakini Bibi hajamwona kijana. Na kwa watu wale, Bibi asipokubali hakuna aliyekubali.

Ndiyo maana Ijumaa ile ya Julai nilikuwa shambani kwao Al Qabil, wakati wa kuchemsha tende za mabsali na kuzianika juani. Kanzu mpya, nimejifukiza udi mpaka nzi wananipisha njia, na pembeni yangu binamu yangu Marhoun, niliyemleta ili watu wakimwona yeye wadhani ukoo wetu wote umetulia. Marhoun ni mpole. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Bi Kaltham, huyo Bibi mwenyewe, alikuwa ukumbini, kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka kama alif.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mchekeshaji?"

"Watu husema hivyo, Bibi."

"Mimi niliolewa Unguja, nikaja huku na mume wangu na mabegi mawili. Marehemu hakunichekesha hata siku moja. Tukakaa miaka arubaini."

"Pole, Bibi."

Niliisikia ile pole ikitoka. Nilitaka kuikamata mkia, ikawa imeshafika. Marhoun alikohoa. Mama yake Alyaa akashughulika na vikombe ambavyo havikuwa na shida yoyote. Bi Kaltham alinitazama mpaka kahawa yangu ikapoa.

"Unaona?" alimwambia mama yake Alyaa, kama kwamba mimi sipo. "Huyu mdomo unatangulia kwa gari, mwenyewe anakuja nyuma kwa miguu. Na mtoto wetu ameshaumizwa mara moja na mtu wa maneno matamu."

"Mama, kijana anatania tu."

"Najua anatania. Nataka kumjua asipotania yukoje."

Nikatolewa nje, si kwa kufukuzwa, kwa kuambiwa nikapate upepo barazani. Upepo wa Julai Al Qabil ni ule unaotoka kwenye tanuri. Alyaa alikuwa barazani, upande mmoja wa benchi. Mimi nikakaa upande wa pili. Katikati, kama ukuta wa shamba, alikaa Huwaida na bakuli la tende za moto.

"Umemwambia Bibi pole?" Alyaa aliuliza. Alikuwa akitazama mbele, lakini shavu lilikuwa linacheza.

"Ulimi uliteleza."

"Pole ya kukaa na babu miaka arubaini?"

"Alyaa, nataka kufa."

"Usife. Bibi atasema umekwepa."

"Semeni upesi," Huwaida alisema, mdomo umejaa. "Hizi tende zitanimaliza, na mie nimekatazwa sukari."

Nikajikaza. Nilijua nina muda mdogo, na mtu mwenye muda mdogo huzungumzia mambo makubwa. Mimi nikazungumzia nyimbo.

"Hebu niambie. Kwa nini nyimbo za Wajapani zinaimbika hivi? Mimi nikiimba Kiingereza nahisi natafuna mifupa ya samaki."

Hapo akageuka. Kumbe nilikuwa nimegonga mlango ambao mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake. Kijapani alikuwa amejifundisha mwenyewe, kwa kuimba na televisheni.

"Kwa sababu maneno yao yanaishia wazi, kama yetu. Ka, ki, ku, ke, ko. Sauti inatoka haizuiwi na mtu. Kiingereza kila neno linakufungia mlango, unabaki umeshika kitasa. Na kila silabi ina mpigo wake, hazisukumani. Mtu aliyesoma herufi zake za Kiswahili tu, keshaimba nusu ya wimbo."

"Ndiyo maana hata mie naimba," Huwaida alisema, "na Kijapani chenyewe sijui hata kuomba maji."

"Halafu wao hawakutupii kiitikio ghafla." Alyaa alikuwa ameshasahau kwamba siku ile alitakiwa awe mkimya. Mikono yake ilikuwa inapanda hewani. "Unaanza chini, kama unazungumza na mtu jikoni. Kisha kinakuja kipande cha katikati, si ubeti, si kiitikio. Hicho kazi yake kukupandisha tu. Unapanda, kifua kinajaa, unapanda, na ukifika juu ndiyo unaachiwa. Hapo hata asiye na sauti anajiona anayo."

"Mimi ninayo."

"Wewe una kelele. Nasema asiye na sauti."

Huwaida alicheka mpaka kokwa ikamwangukia mapajani. Mimi nikatazama chini tena. Nilikuwa nimeanza kuizoea ile sakafu.

"Na maneno yake?" niliuliza. "Wale wazee wangu huimba wanacheka, kisha namwona mmoja anafuta macho."

"Mengi ya huzuni. Mtu anaondoka, mwengine amebaki kwenye kituo cha treni, mvua inanyesha. Lakini mdundo unachezeka. Unalia huku unapiga makofi, na aliye pembeni yako hajui kama unalia." Akaivuta shela mbele. "Mwaka jana niliziimba sana."

Sikuuliza mwaka jana palitokea nini. Nilikuwa najua. Kulikuwa na mchumba, na uchumba ukavunjika, na yeye akakaa ndani muda mrefu.

"Kipande gani unakipenda zaidi?" nikamuuliza, ili nimtoe huko.

"Mwisho. Kiitikio cha mwisho huwa kinahamia juu kidogo, kama mtu anayenyanyua kanzu kuvuka maji. Lakini kabla ya hapo muziki wote unanyamaza. Pumzi moja. Mimi napenda hapo."

"Kwenye kimya?"

"Kwenye kimya. Wote mnajua kinachokuja, na hakuna anayesema."

Akanitazama. Juu ya kichwa cha Huwaida, juu ya bakuli, juu ya joto lote la Al Qabil, alinitazama, na sikuwa na mzaha hata mmoja wa kujikinga nao. Nilihisi kama nimesimama bila ya kofia.

"Niimbie," nikasema.

"La."

"Ubeti mmoja. Nusu ubeti. Irabu moja, hata ile niliyoiba."

"Hisham." Hakuwa amekasirika. "Sauti yangu ya kuimba hajaisikia mwanamume asiye wa nyumbani. Sikukatazwa na mtu, nimeiweka mwenyewe. Siku ya milka, tukishaandikiana ndoa, nitakuimbia mpaka uniombe ninyamaze. Mpaka hapo, isubiri. Unaweza?"

"Naweza."

"Na jengine. Nichekeshe utakavyo. Kosea kwa Bibi, kosea kwa mama, hayo tutayatengeneza. Ila usinidanganye. Yule wa mwanzo alianza kwa kitu kidogo tu. Aliniambia yupo Maskati, kumbe yupo Sur."

"Sur kulikuwa na nini?"

"Mwanzoni hakikuwepo kitu. Ndiyo nakwambia. Alidanganya bure, akaona inawezekana, akaendelea."

Nikaweka mkono kifuani. "Mimi nikikudanganya, Bi Kaltham na aniozeshe kwa huyu Huwaida."

"Ala! Mie nimekukosea nini?" Huwaida alinipiga na kanga, Alyaa akaficha uso kwenye shela akicheka, na ndani wasichana wakaita, "Alyaa! Njoo! Televisheni imeshashika, maneno ya nyimbo yanapita!"

Akainuka. Mlangoni akageuka. Akanionyesha kidole kimoja mdomoni, pumzi moja, akaingia.

Nilibaki na furaha iliyonitosha mimi na ukoo. Marhoun alikuwa ametumwa barafu dukani na gari la shamba. Tukasali Alasiri, wanaume wakajilaza majlisi, na mimi nikasema natoka kutazama masufuria ya tende. Nilikuwa na nia hiyo kweli. Miguu ndiyo ilikuwa na nia yake.

Nyuma ya chumba cha wanawake pana uchochoro mwembamba, ukuta wa shamba huku, nyumba kule. Hapo ndipo ilipo mashine ya nje ya kiyoyozi, inanguruma kama lori kwenye mlima. Nilijiambia, na mngurumo huu hutasikia kitu, kwa hiyo huku si kusikiliza. Nikasogea. Bado sikusikia kitu, kwa hiyo bado haikuwa kusikiliza. Nikasogea tena, nikasikia.

Nilikuwa nimeitengeneza sauti yake kichwani muda wote ule, nyembamba na tamu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa nzito, na chini yake pana mkwaruzo, kama kitambaa cha sufu ukikipitishia mkono kinyume. Alikuwa anaimba ubeti wa chini, ule wa jikoni, na nilihisi nimefunua sufuria ya watu. Aibu ilinishika hapo hapo, msinidhanie vibaya. Ilinishika shingoni. Nikajiambia, ondoka, Hisham. Nikajijibu, ubeti ukiisha tu.

Tatizo la nyimbo za Kijapani ndilo hilo. Ubeti hauishi, unageuka ngazi. Akaanza kupanda, na mimi nikapanda naye, kwanza kwa kidevu, kisha kwa mabega, kisha kwa koo. Kwani nani atanisikia na lori lile? Kiitikio kikafunguka, wasichana wakapiga makofi, na mimi ninaimba kimoyomoyo chenye sauti.

Mbele yangu palikuwa na dirisha la chumba cha pembeni, la vile vioo vyetu vya kuzuia jua, ambavyo mchana ukisimama nje unajiona mwenyewe. Nikajiona. Nikaona kijana mzuri. Nikaisogeza kofia upande, ikanipendeza. Chini palikuwa na kikonyo kikavu cha shada la tende, nikakiokota, nikakifanya maikrofoni. Ubeti wa pili niliuimba kwa bega la kulia na bega la kushoto. Yule kijana wa kwenye kioo nikamkonyeza, naye hakukataa.

Tukapanda ngazi ya mwisho. Kiitikio. Halafu muziki ukanyamaza, kama alivyoniambia. Pumzi moja.

Na mashine ya kiyoyozi, ambayo Mungu aliipa mchana kutwa wa kunguruma, ikachagua pumzi hiyo hiyo kujizima.

Ningenyamaza. Aliyeimba hivi kwa miaka angenyamaza, angengoja. Mimi nilikuwa nimejaa kifua mpaka kwenye macho. Nikaingia mapema. Nikaingia peke yangu, kule juu kwenye kiitikio kilichohama, na sauti ikapasuka katikati kama ya jogoo anayejifunza.

Ndani kukawa kimya. Kisha kelele.

"Mwanamume!"

"Dirishani! Wallahi nimemsikia!"

"Nipeni shela yangu!"

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki, nikakirudia, nikakimbia tena. Nilipofika kwenye masufuria ya tende moto ulikuwa umeshazimwa na wapishi wamekwenda kupumzika. Nikashika mwiko mrefu nikaanza kukoroga tende zilizokwisha kuiva, jasho linanitoka. Ile sauti yake, aliyoiweka mwenyewe, nimeichukua. Na nikamharibia wimbo juu yake. Nilitamani lile sufuria liwe kubwa zaidi, nijitie.

Wakaja. Alyaa mbele, Huwaida nyuma yake, shela hazijakaa sawa. Na nyuma yao, taratibu, Bi Kaltham na tasbihi yake, midomo inakwenda, akavuta kiti cha wapishi akakaa kivulini.

"Bibi, shikamoo tena," nikasema, nikitafuta pa kujificha hata kwenye salamu.

"Usimsemeshe," Huwaida alinong'ona. "Bado yumo kwenye uradi. Akishasali Alasiri hasemi na mtu mpaka aumalize."

Nikashukuru. Nilishukuru, nakwambieni, kwamba adui yangu mkubwa amefungwa mdomo.

"Hisham," Alyaa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kuna mwanamume alikuwa nyuma ya chumba chetu."

"Ati?"

"Alikuwa anatusikiliza. Akaimba."

"Akaimba! Kaimba nini?"

"Kijapani."

"Kijapani? Hapa Al Qabil? Labda mtalii kapotea njia."

Hakuna aliyecheka. Huwaida, ambaye hucheka hata akisoma bei ya vitunguu, alikuwa ananitazama mwiko.

"Ni wewe?" Alyaa aliuliza.

Ilikuwa rahisi. Ndiyo, ni mimi, niadhibu. Angekasirika, angelia pengine, Huwaida angenipiga na kanga, na siku ingepita. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nikamwona anavyoikaza shela kidevuni kwa vidole viwili, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike, nikaogopa kwamba nikilitoa ataondoka na hatarudi. Mdomo ukatangulia.

"Mimi nilikuwa hapa. Kwenye tende."

"Sasa nani? Nani mwengine hapa anazijua nyimbo hizi?"

"Marhoun," nikasema.

"Marhoun? Yule mpole?"

"Ndio wabaya hao." Kumbe uongo nao una ngazi yake, ukishaanza kupanda kifua kinajaa. "Hupanda na mimi garini kila wiki, anazisikia zote. Maskini, anapenda kuimba, ila ana haya. Msimwambie kitu, nakuombeni. Atakufa kwa aibu. Mimi nitazungumza naye kiume."

Alyaa alishusha mabega. Vidole vikaiachia shela. Nikaona rangi inarudi usoni mwake, na nilitamani isirudi, kwa sababu ilikuwa inarudi kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Hisham, nilidhani ni wewe. Nimetoka kule ndani nimeshakuhukumu, nilikuwa nakuja kukwambia yamekwisha baina yetu. Nisamehe. Nimekudhania vibaya, na wewe umekaa huku unakoroga tende zetu."

Alikuwa na machozi. Aliniomba mimi msamaha, na machozi, mbele ya sufuria.

Na mimi, Mungu anajua, nilimwambia, "Nimekusamehe."

Kule kivulini punje ya mwisho ya tasbihi ikagonga mwenzake. Bi Kaltham aliibusu, akapangusa uso kwa viganja vyote viwili, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Huyo Marhoun," alisema, "ndiye kijana aliyekwenda kuchukua barafu?"

"Ndiye, Bibi."

"Aliondoka mimi bado sijatia udhu. Amesharudi?"

Hapakuwa na gari uani ila la kwangu. Wote wanne tulilitazama.

"Mimi uradi wangu nausomea chumba cha pembeni," Bi Kaltham aliendelea, polepole, hana haraka na mtu. "Naweka kiti dirishani, ndipo penye mwanga. Leo nimekosea hesabu mara mbili. Nikarudia mwanzo. Nikakosea tena."

"Bibi," nikasema.

"Ngoja, mwanangu. Wewe umeshasema."

Akainuka. Huwaida alimkimbilia kumshika mkono, akaukataa. Akaitundika tasbihi begani, akakunja ngumi akaileta mdomoni, akafumba macho. Akatikisa bega la kulia. Akatikisa la kushoto. Kisha akanyanyua mkono kichwani, akaishika kofia asiyokuwa nayo, akaisogeza upande, akajitazama mbele yake kwenye hewa tupu, akajiridhisha. Na mwanamke yule ambaye hakuchekeshwa miaka arubaini akakonyeza.

"Hivyo," alisema, akakaa. "Pua yake na yangu hapa na hapa, kioo katikati. Nami siwezi kusema neno."

Huwaida alikuwa ameuma ncha ya kanga. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwangu, umesimama wima, na nilipong'amua umekaa vipi karibu na mdomo wangu niliushusha, lakini walikuwa wameshaona.

Nilimtazama Alyaa kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama. Machozi yale yale yalikuwa bado yapo shavuni, hakuyafuta.

"Ile samahani niliyokuomba," alisema, akaunyoosha mkono, kiganja juu, kama mtu anayedai ufunguo wa nyumba yake. "Nirudishie."